Mpelelezi Kati ya Hoja na Ngumi: Usimulizi wa Filamu ya Sherlock Holmes (2009) na Sera ya Kiswahili katika Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kinachompata mpelelezi wa fasihi anapogeuzwa kuwa shujaa wa filamu ya mapigano, na filamu hiyo inapohitaji kusimuliwa kwa Kiswahili mbele ya hadhira isiyofuata Kiingereza. Mfano unaochambuliwa ni filamu ya Sherlock Holmes (2009) iliyoongozwa na Guy Ritchie. Hoja kuu ni kwamba mapigano hujieleza yenyewe kwa picha, lakini hoja za mpelelezi hubebwa na maneno; kwa hiyo msimuliaji ndiye anayeamua iwapo mpelelezi atabaki mpelelezi au atakuwa mpiganaji tu. Uamuzi huo una uzito wa pekee nchini Uganda, ambako Kiswahili kimesikika kwa muda mrefu kama lugha ya amri, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako kueleza ushahidi kwa mpangilio ni jambo linalogusa maisha ya watu. Makala yanapendekeza njia za kuuingiza usimulizi wa filamu katika utekelezaji wa sera ya Kiswahili, kwa kuzingatia sheria ya hakimiliki.

Maneno msingi: fasihi ya upelelezi, filamu, usimulizi, sera ya lugha, Nakivale, Mbarara

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu Kiswahili nchini Uganda kwa kawaida huanzia bungeni na kuishia darasani. Hueleza kwamba marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kwamba mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikipa nafasi ya lazima katika madarasa ya mwanzo, na kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Baada ya hapo hufuata orodha ya upungufu: walimu hawatoshi, vitabu ni vichache, na wananchi wengi bado wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya wengine.

Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, kati ya bunge na darasa kuna mahali ambapo vijana wa Uganda huzoea kusikiliza lugha kwa hiari, tena kwa kulipa kiingilio: kibanda cha video. Humo filamu za kigeni husimuliwa na mtu ambaye Waganda humwita VJ. Yeye hupunguza sauti ya filamu, huingiza sauti yake, hutafsiri, hufafanua, hutania na huonya. Majina kama VJ Jingo, VJ Junior na VJ Emmie yanajulikana kote nchini, na lugha kuu ya kazi yao ni Luganda. Nchini Tanzania kazi ya aina hiyo ilifanywa kwa Kiswahili na Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, na watazamaji wakaifuata katika kumbi ndogo walizozibatiza jina la "vibanda umiza". Nchini Kenya, DJ Afro amejijengea hadhira kubwa kwa kuchanganya Kiswahili na Sheng.

Makala haya yanachukua filamu moja na kuuliza swali moja: filamu ya mapigano iliyotokana na mpelelezi maarufu wa fasihi inapaswa kusimuliwaje kwa Kiswahili ili upelelezi usipotee? Mbinu inayotumika ni uchambuzi wa matini. Filamu inachambuliwa sambamba na fasihi ya upelelezi ya Kiswahili, na matokeo yake yanahusishwa na hali ya lugha katika Jiji la Mbarara na makazi ya Nakivale yaliyomo katika Wilaya jirani ya Isingiro. Mifano ya usimulizi inayotolewa katika sehemu ya nne imetungwa na mwandishi kwa ajili ya ufafanuzi.

2.0 Mpelelezi kabla ya filamu

Sherlock Holmes alizaliwa katika riwaya ya Arthur Conan Doyle, A Study in Scarlet, iliyotoka mwaka 1887. Kufikia mwisho wa kazi yake, Doyle alikuwa ameandika riwaya nne na hadithi fupi 56 kumhusu. Msingi wa takriban zote ni ule ule. Mgeni huingia na tatizo. Holmes huona alama ambazo wengine wameziona bila kuzitambua. Kisha huunganisha alama hizo hadi kufikia hitimisho. Msomaji hayapati hayo moja kwa moja kutoka kwa Holmes. Huyapata kupitia kwa Daktari Watson, rafiki anayeuliza maswali ambayo msomaji mwenyewe angeyauliza. Bila Watson, Holmes angejua kila kitu na sisi tusingejua chochote.

Fasihi ya Kiswahili iliupokea muundo huo mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya mswada wake kushinda shindano la uandishi lililoendeshwa na Ofisi ya Fasihi ya Afrika Mashariki. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko kama Holmes, si askari wa serikali, na ana mwenzake Najum anayefanya kazi ya Watson. Wahakiki wamekwisha kuueleza uhusiano huo kwa kirefu. Jambo linalotuhusu hapa ni aina ya fumbo ambalo Abdulla alilichagua kwa riwaya yake ya kwanza: maiti ya mtu mwenye mali inakutwa mahali pa mzimu, na mazingira yenyewe yanamwelekeza msomaji kuwashuku wasioonekana. Bwana Msa anakataa kukomea hapo. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alinufaika, na ni kipi kati ya yaliyosemwa hakilingani na kingine. Mwishowe muuaji ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu.

Baada ya Bwana Msa, mpelelezi wa Kiswahili alibadilika haraka. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) alimleta Inspekta Wingo, mpelelezi wa polisi katika jiji lenye simu na magari. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamzindua Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Gamba ni mpelelezi wa taifa. Anasafiri, anapenda starehe, anajua kutumia silaha, na mara nyingi fumbo lake halihitaji kufumbuliwa kwa kuwaza bali kwa kuwashinda maadui nguvu. Joram Kiango wa Ben Mtobwa alifuata njia hiyo hiyo kwa namna yake. Kwa maneno mengine, safari ya kutoka kwenye kiti cha kuwazia hadi kwenye uwanja wa mapigano, ambayo wahakiki wengi wa filamu waliiona kuwa ujasiri wa Guy Ritchie mwaka 2009, wasomaji wa Kiswahili walikuwa wameipita kwa kipindi cha takriban miaka kumi na minne, kati ya 1960 na 1974.

Tofauti iko katika jambo moja. Musiba alipotaka mpelelezi wa mapigano alimuumba mtu mpya. Ritchie alimchukua yule yule wa zamani, hivyo akalazimika kutafuta namna ya kumfanya apigane bila kuacha kuwaza.

3.0 Filamu ya 2009: hoja ndani ya ngumi

Katika filamu hii, Robert Downey Jr. anaigiza Holmes na Jude Law anaigiza Watson. Mhalifu ni Lord Blackwood, aliyeigizwa na Mark Strong. Blackwood anakamatwa akiwa katika ibada ya kumwua msichana, anahukumiwa kunyongwa, na Watson mwenyewe, akiwa daktari, anathibitisha kwamba amekufa. Muda si mrefu kaburi lake linakutwa limevunjwa kutoka ndani, na habari zinaenea kwamba amefufuka. Wakubwa wanaanza kufa kwa namna zinazoonekana kuwa za kichawi. Holmes anafuatilia hadi kwenye daraja la Tower lililokuwa bado likijengwa, na huko anafichua mambo yote moja baada ya jingine.

Ni rahisi kuilaumu filamu hii kwamba imemgeuza mwanafikra kuwa mpiganaji. Lawama hiyo haina uzito mkubwa. Doyle mwenyewe alimfanya Holmes kuwa bondia: katika The Sign of Four (1890) bondia mmoja wa kulipwa anamkumbuka kwa sababu waliwahi kupigana ulingoni. Ritchie hakukizua kipaji hicho. Alichofanya ni kukihamisha kutoka pembezoni hadi katikati.

Namna alivyokihamisha ndiyo yenye manufaa kwa mchambuzi wa lugha. Katika pambano la ngumi ulingoni, kabla Holmes hajapiga, picha inapunguzwa mwendo na tunasikia sauti ya mawazo yake. Anapanga kila pigo: kwanza atamvuruga mpinzani kwa kitambaa, kisha atazuia ngumi itakayofuata, kisha atapiga shavu, masikio, mbavu na taya. Kwa kila pigo anataja kiungo na matokeo, na mwishoni anakadiria muda ambao mtu huyo atahitaji ili apone. Ndipo picha inarudi kwenye mwendo wa kawaida na mapigo yale yale yanapigwa kwa sekunde chache bila neno. Tukio moja linaonyeshwa mara mbili, mara ya kwanza likiwa hoja na mara ya pili likiwa ngumi.

Mbinu hiyo ilirudi katika filamu ya pili, A Game of Shadows (2011). Humo, karibu na maporomoko ya Reichenbach, Holmes na Profesa Moriarty wanapigana vichwani mwao kabla hawajagusana, kila mmoja akitabiri hatua ya mwenzake. Huko pambano lenyewe ni mjadala kati ya watu wawili wenye akili.

Mfano huu unaonyesha kwamba filamu ina aina mbili za vipindi. Kuna vipindi ambavyo picha inatosha: farasi wanakimbia, mashua inazama, jengo linalipuka. Na kuna vipindi viwili ambamo maana yote imo katika maneno: mpango wa pambano unaosemwa kwa sauti ya ndani, na ufafanuzi wa mwisho pale darajani. Mtazamaji asiyefuata Kiingereza atapata burudani kamili katika vipindi vya kwanza. Katika vipindi vya pili ataona mtu amesimama akiwaza, kisha ataona watu wawili wanaongea juu ya daraja. Atajua Blackwood ameshindwa. Hatajua kwamba hakuwahi kufufuka.

Hilo si pengo dogo. Mtazamaji anayekosa ufafanuzi wa mwisho hutoka ukumbini akiwa na hadithi iliyo kinyume cha ile ya mtunzi, yaani hadithi ya mchawi aliyefufuka na kuuawa tena na mtu hodari. Mzimu wa Watu wa Kale ukikatwa sura zake za mwisho utabaki vivyo hivyo kuwa kisa cha mzimu ulioua.

4.0 Msimuliaji katika nafasi ya Watson

Katika vitabu, Watson ndiye msimulizi. Katika filamu, Watson ni mhusika tu. Anapigana, anabishana, anajiandaa kuoa, lakini hatusimulii. Nafasi ya mtu anayesimama kati ya akili ya Holmes na uelewa wa hadhira imebaki tupu. Kamera inaijaza kwa kiasi fulani. Katika kibanda cha video, anayeijaza ni msimuliaji. Hii ndiyo sababu makala haya yanamwita VJ Watson wa pili: yeye pia amekwisha kuiona kesi yote, anajua mwisho wake, na kazi yake ni kuamua aseme nini na wakati gani.

4.1 Mpango wa pambano

Tuchukue pambano la ulingoni. Msimuliaji anaweza kulipitia kwa mtindo ulio mwepesi zaidi:

"Oneni sasa! Jamaa kakasirika huyo! Anampiga, anampiga tena! Mbavu hizo! Kwisha kazi!"

Mtindo huu una nguvu zake. Unachangamsha ukumbi na unaendana na kasi ya picha. Lakini unasema kile ambacho macho yameshakiona, na unakiuka jambo la msingi, kwa kuwa Holmes hajakasirika. Sauti yake ya ndani inasisitiza kwamba hasira isiingie. Linganisha na mtindo huu wa pili, unaotumika picha inapokwenda polepole:

"Nikimrushia kitambaa, macho yake yatakifuata. Macho yakikifuata, mkono utachelewa. Mkono ukichelewa, nitampiga shavuni, kisha masikioni, apoteze mizani. Akipoteza mizani, atarusha ngumi bila kulenga. Hapo ubavu utakuwa wazi."

Kisha, picha inaporudi kwenye mwendo wa kawaida:

"Akakirusha kitambaa. Macho yakakifuata. Mkono ukachelewa. Akampiga shavu, akampiga masikio, jamaa akayumba. Ubavu ukawa wazi."

Kiswahili kinaibeba mbinu ya Ritchie kwa urahisi kuliko Kiingereza cha filamu yenyewe. Kiingereza kinatumia vitenzi vifupi vya kuamuru, na mtazamaji anatambua tofauti ya mpango na tendo kwa kutegemea mwendo wa picha. Kiswahili kina viambishi vinavyofanya kazi hiyo waziwazi: -ki- na -ta- vinajenga mnyororo wa sharti na matokeo, na -ka- inasimulia matukio yakifuatana baada ya kutendeka. Mtu aliyefumba macho angejua ni lini Holmes anawaza na ni lini anapiga. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mfano hai wa tofauti ya -ki- na -ka- angepata shida kupata ulio bora kuliko huu.

4.2 Ufafanuzi wa darajani

Katika ufafanuzi wa mwisho, mzigo wa lugha ni mwingine. Holmes anaeleza kwamba bamba la kaburi lilikuwa limevunjwa kabla ya mazishi, likagandishwa kwa gundi hafifu ya mayai na asali ambayo mvua ingeiyeyusha. Na kwamba dalili za kifo zilitokana na sumu. Usimulizi unaoridhika kusema "alidanganya, hakufa" umetoa hitimisho bila hoja. Usimulizi kamili ungesema, kwa mfano:

"Bamba lingalikuwa zima, hakuna mtu ambaye angaliweza kulivunja kutoka ndani. Basi lilikuwa limeshavunjwa kabla ya mazishi, likagandishwa kwa gundi, mvua ikaiyeyusha. Na daktari hakukosea kusema mapigo ya moyo hayasikiki. Hayakusikika kwa sababu ya sumu, si kwa sababu ya kifo."

Hapa -ngali- inabeba jambo ambalo halikuwa, ili kuthibitisha lililokuwa. Neno "basi" linatoa hitimisho. "Kwa sababu ya" inatenganisha chanzo cha kweli na chanzo cha kudhaniwa. Daktari aliyeona dalili sahihi na kufikia hitimisho lisilo sahihi anatendewa haki: alichokiona kinabaki kweli, na kosa linawekwa mahali pake. Hii ndiyo lugha ya ushahidi. Ipo katika Kiswahili tangu zamani, kwenye mabaraza ya wazee, kwenye mahakama na katika riwaya za Bwana Msa, lakini haisikiki mara kwa mara mahali ambapo vijana wa magharibi mwa Uganda hukutana na Kiswahili.

4.3 Pingamizi

Yawezekana kupinga kwamba kibanda ni mahali pa starehe, na msimuliaji atakayegeuka mwalimu atawapoteza wateja. Pingamizi hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba kinachohitajika ni kidogo. Vipindi vya hoja katika filamu hii ni vichache kikilinganishwa na urefu wake wote. Msimuliaji anaweza kutania wakati wote uliobaki. Isitoshe, ufafanuzi wa mwisho ndio unaolipa deni la fumbo. Hadhira iliyokaa saa mbili ikijiuliza Blackwood alifufukaje ina hamu ya kuambiwa. Kuwaambia vizuri ni biashara nzuri pia.

5.0 Kiswahili cha amri na Kiswahili cha hoja

Kwa nini jambo hili liwahusu washauri wa sera? Sababu iko katika historia ya Kiswahili nchini Uganda. Tangu enzi ya ukoloni, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, aliongeza doa juu ya doa, kwa sababu wananchi waliokuwa wakiteswa na askari waliisikia lugha hiyo kutoka kwa wale waliowatesa. Mbarara unaijua historia hiyo kwa karibu. Kambi yake ilikuwa makao ya Kikosi cha Simba wakati wa Amin, mji wenyewe uliharibiwa vibaya katika vita vya mwaka 1979, na leo makao ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda yako Makenke, pembezoni mwa jiji. Katika mazingira hayo, Kiswahili kilichosikika hadharani kilikuwa hasa cha kuamuru: simama, kaa chini, toa kitambulisho.

Filamu ya mapigano iliyosimuliwa kwa mtindo wa kwanza huendeleza urithi huo bila kukusudia. Inampa kijana wa Mbarara sababu nyingine ya kuamini kwamba Kiswahili ni lugha ya kupiga kelele na kupiga watu. Mtindo wa pili unamsikilizisha Kiswahili kinachopima, kinachokisia, kinachokanusha na kinachothibitisha. Mtaala unaolenga kumfundisha Kiswahili mwanafunzi ambaye nyumbani anaongea Runyankore hauwezi kufanikiwa ikiwa lugha hiyo, nje ya darasa, haifiki akilini mwake kama chombo cha kufikiria.

Nakivale iko katika nafasi nyingine. Makazi hayo yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo, katika kanda zake za Base Camp, Juru na Rubondo, wanaishi watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Kwa Wakongo wa mashariki na Warundi wengi, Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya ujirani, na kwa baadhi yao ni lugha ya nyumbani. Hawakukipata kambini mwa askari. Kwa maana hiyo, umbali mfupi kati ya Mbarara na Nakivale unatenganisha Kiswahili cha aina mbili: kimoja ambacho watu walikiogopa na kingine ambacho watu walikuja nacho.

Hata hivyo Kiswahili kilichokuja kutoka Kongo kinatofautiana na Kiswahili sanifu kwa sarufi na msamiati. Msemaji wa Bukavu au Goma anaweza kusema "banaenda" pale darasa linapodai "wanaenda", na mara nyingi hutumia "kama" pale ambapo Kiswahili sanifu hutumia -ki-. Lahaja hiyo si pungufu. Ina njia zake za kujenga sharti na sababu. Lakini mwenye lahaja hiyo anapofika mbele ya afisa au mwalimu aliyefunzwa Kiswahili sanifu, hoja yake inaweza kusikika kama kosa la sarufi. Kusikiliza usimulizi uliojaa -ki-, -ka- na -ngali- ni njia moja ya kuzoea lahaja sanifu bila kufedheheshwa.

Na hapa ndipo suala linapokuwa zito. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, mwombaji wa hifadhi anayehitaji kuthibitishiwa hadhi yake hutakiwa kueleza yaliyompata: aliona nini, alisikia nini kwa wengine, kipi kilitangulia, na kwa nini aliogopa kurudi. Mara nyingi maelezo hayo hupita kwa mkalimani. Tofauti kati ya "niliwaona wakija" na "niliambiwa walikuwa wakija", au kati ya "nyumba ilichomwa nikakimbia" na "nilikimbia, nyumba ikachomwa", ni tofauti ya kiambishi na mpangilio, lakini katika faili ni tofauti ya ushahidi. Hakuna filamu inayoweza kuchukua nafasi ya mkalimani aliyefunzwa wala ya mwanasheria. Jamii inayosikia lugha ya ushahidi mara kwa mara, hata katika starehe zake, ina akiba ya maneno ya kutumia siku inapoyahitaji.

6.0 Suala la hakimiliki

Pendekezo lolote la kutumia usimulizi wa filamu lazima likabili sheria. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda kazi ya mwandishi katika maisha yake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na inampa mwenye hakimiliki haki ya kuruhusu tafsiri na marekebisho. Filamu ya mwaka 2009 ni mali ya kampuni ya Warner Bros. na washirika wake. Kuisimulia na kuuza nakala bila idhini ni kukiuka sheria, na taasisi ya umma haiwezi kujenga mradi juu ya ukiukaji.

Lakini Arthur Conan Doyle alifariki mwaka 1930. Kwa kipimo cha miaka 50, ulinzi wa maandishi yake ulimalizika mwaka 1980. Hata nchini Marekani, hadithi za mwisho za Holmes ziliingia katika milki ya umma mwaka 2023. Maana yake ni kwamba mtu yeyote nchini Uganda anaweza kuzitafsiri hadithi hizo kwa Kiswahili, kuzisimulia redioni, kuzigeuza kuwa michezo ya kuigiza au kuzitengenezea filamu fupi bila kumlipa mtu. Hali ya Bwana Msa ni tofauti: vitabu vya Muhammed Said Abdulla bado vinalindwa na vinahitaji makubaliano na wenye haki.

Kwa hiyo njia iko wazi. Filamu ya Ritchie inafaa kama mfano wa kuchambua katika mafunzo, na pale idhini inapopatikana, kama kazi ya kusimulia. Hadithi za Doyle zinafaa kama malighafi huru. Filamu za nyumbani ni njia ya tatu: Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, iliyotoka mwaka 2010 na kufahamika duniani pamoja na sauti ya VJ Emmie, inaonyesha kwamba msimuliaji anaweza kuwa sehemu ya filamu kwa makubaliano na mtayarishaji wake tangu mwanzo.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba filamu ya Sherlock Holmes ya mwaka 2009 haikuua upelelezi. Iliufungia ndani ya vipindi vichache vya maneno. Vipindi hivyo vikipotea katika usimulizi, hadhira hupokea kisa cha mchawi na mpiganaji. Vikisimuliwa kikamilifu, hadhira hupokea kile ambacho Doyle na Abdulla walikusudia: mtu anayekataa jibu la haraka hadi ushahidi umlazimishe. Kiswahili kina vifaa vya kisarufi vya kufanya kazi hiyo, na Uganda ina sababu za kihistoria za kutaka Kiswahili kisikike kikiifanya.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza yafuatayo:

(i) Kituo cha Kitaifa cha Uendelezaji wa Mitaala kizingatie kuziingiza hadithi fupi za Doyle zilizotafsiriwa kwa Kiswahili katika matini za kusoma na kuigiza za sekondari ya chini, zikiambatanishwa na mazoezi ya -ki-, -ka-, -nge- na -ngali-.

(ii) Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo hutoa leseni kwa kumbi za video, ifanye mazungumzo na wasimuliaji na wamiliki wa kumbi kuhusu mpango wa hiari wa usimulizi wa Kiswahili, hasa katika miji ya magharibi na katika makazi ya wakimbizi. Mpango wa lazima ungerudisha Kiswahili kule kule kwenye amri.

(iii) Vyuo vya ualimu vya ukanda wa Mbarara viwaalike wakimbizi wenye umilisi wa Kiswahili kutoka Nakivale kuwa wasaidizi wa mazoezi ya kuzungumza, kwa malipo na kwa kutambua lahaja zao. Upungufu wa walimu wa Kiswahili ungepungua kwa kutumia watu ambao tayari wako karibu.

(iv) Mashirika yanayofunza wakalimani wa Nakivale yatumie vipande vya usimulizi wa kipelelezi kama zoezi la kutenganisha kilichoonwa, kilichosikiwa na kilichokisiwa.

(v) Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iwatambue wasimuliaji wa filamu kuwa watumiaji wakuu wa lugha katika jumuiya ambayo, tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2022, ina wazungumzaji wengi wa Kiswahili waliojifunza lugha hiyo nje ya shule.

Utekelezaji wa pendekezo la (iii) na la (iv) hausubiri sheria mpya wala bajeti kubwa, na unaweza kuanza na kikundi kimoja cha walimu, kikundi kimoja cha wakalimani, na hadithi moja iliyotafsiriwa vizuri.